Pipa lisilojulikana lilibeba nini lisifanywe jiko

Mhariri,

Kwa muda sasa ukurasa wako wa ufundi wa nyumbani umekuwa ukichapisha barua na picha za wasomaji wanaookota mapipa ya chuma yaliyotupwa na kuyageuza kuwa majiko ya kubanikia nyama kwa moshi. Nimezifuatilia barua hizo kwa furaha, maana kazi yangu ni kukata na kuchomelea chuma, na sina nia ya kumkatisha tamaa yeyote anayeona mali pale ambapo wengine wanaona takataka. Hata hivyo, nimeona maswali mengi kuhusu ukubwa wa matundu, unene wa nondo na rangi ya kupaka, na karibu hakuna aliyeuliza lile linalopaswa kuyatangulia yote: pipa hili lilibeba nini kabla halijafika mikononi mwangu? Hoja yangu ni kwamba swali hilo likikosa jibu, pipa hilo lisifanywe jiko, hata likiwa zima na zuri namna gani. Na kwamba wale wenye jibu, yaani viwanda, maghala na wauza vyuma chakavu, waache kulifunika kwa rangi.

Pipa lenyewe kwanza lipewe haki yake. Lile tunaloliita la lita 200 hubeba kwa hakika lita 208 hivi, ambazo ni galoni 55 za Marekani. Kimo chake kinakaribia sentimita 88 na upana wake sentimita 58, na bati lake kwa kawaida huwa na unene wa kati ya milimita 0.8 na 1.2. Vipimo hivyo vinalifaa jiko la moshi kana kwamba vilipangwa kwa ajili yake, kwa kuwa kimo kinatosha kuuweka mkaa chini na nyama juu bila mwali kuigusa, na mviringo wake huacha moshi upande bila kona za kuunasa. Wewe na wenzako katika uandishi wa habari huenda mkafurahi kujua kwamba pipa hili lina undugu na kazi yenu: hataza za pipa la chuma lenye mbavu za kubingirishia zilitolewa Marekani mwaka 1905 kwa Henry Wehrhahn, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya Nellie Bly, yule yule mwanahabari aliyeizunguka dunia kwa siku 72 miaka 15 hivi kabla ya hapo.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Ukikichunguza kitako au ubavu wa pipa, mara nyingi utakuta mstari wa herufi na tarakimu unaoanza na alama ya Umoja wa Mataifa. Maandishi 1A1 humaanisha pipa la chuma ambalo kichwa chake hakifunguki, lenye vizibo viwili tu, kimoja kikubwa na kimoja kidogo; 1A2 ni lile ambalo kifuniko chake hutoka chote na kubanwa kwa pete ya chuma. Herufi inayofuata huonyesha ukali wa bidhaa ambazo pipa limethibitishwa kuzihimili: X ni kwa makundi yote matatu ya hatari, Y ni kwa makundi mawili, na Z ni kwa kundi la hatari ndogo peke yake. Katika mapipa yaliyokusudiwa kutumika zaidi ya mara moja, unene wa bati nao hugongwa kitakoni kwa milimita, na hilo ni jambo la manufaa kwa fundi, kwa sababu bati la milimita 1.2 hudumu mbele ya moto muda mrefu kuliko lile la milimita 0.8. Lakini msomaji asidanganyike. Mstari huo unaeleza pipa lingeweza kubeba nini. Hauelezi lilibeba nini.

Kilichobebwa huelezwa na lebo, ile karatasi iliyobandikwa ubavuni, ambayo ndiyo huchanika au kupakwa rangi kabla ya kitu kingine chochote. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa alama za kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, hatari huonyeshwa kwa mchoro mweusi ndani ya mraba mweupe uliosimama kwa pembe, wenye mpaka mwekundu. Fuvu na mifupa ni sumu kali. Mwali ni kitu kinachowaka. Kimiminika kinachodondokea mkono na chuma ni kitu kinachokula mwili na metali. Na kile kifua cha mtu chenye nyota iliyopasuka ndani yake, ambacho wengi hukiona kama pambo, ndicho kinachotahadharisha juu ya saratani, madhara ya uzazi na uharibifu wa viungo vya ndani. Pipa lenye fuvu au lenye kifua hicho halina mjadala. Vivyo hivyo pipa lililobeba viuatilifu: vyombo hivyo havipaswi kugeuzwa kuwa vya chakula wala maji kwa namna yoyote, na ushauri wa siku zote umekuwa ni kuvisuuza mara tatu, kuvitoboa na kuvitoa katika matumizi.

Kuna tegemeo ambalo nimeliona katika barua za wasomaji wako wengi, nalo ndilo lililonisukuma kuandika: kwamba moto husafisha kila kitu. Mtu huliokota pipa asilojua lilikotoka, hulijaza kuni kavu, huliwasha mpaka bati libadilike rangi, kisha hutangaza kwamba limekuwa safi. Moto mkali kweli huunguza mafuta, gundi, rangi na masalia mengine yenye asili ya kaboni. Metali ya risasi haiungui. Kromiamu haiungui, wala aseniki. Metali hizo hubadilika umbo tu: nyingine hubaki kama vumbi kwenye bati, nyingine hupaa na moshi na kutua kwenye udongo wa uani na katika mapafu ya anayekoleza kuni. Masalia yenye klorini nayo, yakiunguzwa katika moto usio na joto la kutosha, yanaweza kuzaa dioksini, sumu ambayo haikuwamo ndani ya pipa hapo mwanzo. Kwa hiyo kuunguza ni hatua halali ya kuliandaa pipa ambalo historia yake inajulikana na inakubalika, wala si dawa ya pipa ambalo historia yake imepotea. Mtu anayechanganya mambo hayo mawili anaweza kufanya kazi nzuri sana ya kuunguza na bado akabaki na pipa baya.

Hata pipa lililobeba chakula halikosi la kuangaliwa. Mengi yaliyobeba asali, mafuta ya kula au vitu vyenye uchachu huwa yamepakwa ndani utando wa epoksi, aina ya plastiki ngumu, ambao huonekana kama rangi ya dhahabu, kahawia au nyekundu iliyofifia. Utando huo ulitengenezwa kukaa na bidhaa katika joto la kawaida la ghala. Jiko la moshi hufanya kazi kati ya nyuzi 107 na 135 za Selsiasi pale nyama ilipo, joto ambalo halitoshi kuuondoa utando lakini linatosha kuuchosha polepole, huku sehemu ya chini inayopakana na mkaa ikipata joto kali zaidi na kuanza kuuchoma wakati chakula kiko juu yake. Hapo ndipo moto wa kuni unapokuwa na kazi. Pipa litobolewe chini ili lipate hewa, liwashwe mahali pa wazi kwa kuni zisizo na rangi wala dawa, na moto uwe mkubwa kiasi cha bati kuelekea kwenye wekundu, ambao huanza kuonekana gizani karibu na nyuzi 525. Likipoa lisuguliwe kwa brashi ya waya au diski ya msasa mpaka chuma kitupu kionekane pote, na msuguaji avae kinyago kinachozuia vumbi, si kitambaa cha kufunika mdomo. Asiye na subira ya kusugua mikunjo ya kitakoni heri atafute pipa lisilo na utando kabisa. Yapo, na baadhi ya mapipa ya juisi nzito ni hayo, kwa sababu juisi yenyewe hukaa ndani ya mfuko uliofungwa na haigusi bati.

Zinki nayo isisahauliwe. Pipa lililopakwa zinki, linalotambulika kwa madoa ya kijivu yanayometameta kama barafu iliyopasuka, halifai kwa moto, na kasoro hiyo huwanasa hata waliochagua pipa jema, kwa kuwa hununua mabomba, bolti na nati zenye zinki kwa ajili ya njia za hewa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na mafundi wa kuchomelea wanaijua vizuri homa inayowapata jioni baada ya kuvuta moshi wake. Mabomba ya chuma cheusi na bolti za chuma kisichoshika kutu hufanya kazi ile ile bila homa hiyo.

Kabla ya hayo yote kuna kulifungua pipa, na hapa naomba nafasi zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu hufa. Pipa tupu lililobeba kitu kinachowaka ni la hatari kuliko lililojaa. Lililojaa halina nafasi ya hewa. Tupu lina lita 208 za hewa zinazosubiri kuchanganyika na mvuke. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo, na ukipiga hesabu utaona kwamba kijiko kimoja au viwili vya chakula vya petroli vinatosha kulifikisha pipa zima kwenye kiwango hicho. Kiasi hicho hubaki ndani ya mkunjo wa kitako hata baada ya pipa kupinduliwa kwa wiki nzima, na kwa kuwa mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hautoki wenyewe kupitia kizibo cha juu. Anayeinama kunusa na kusema hakuna harufu hajapima chochote. Mafuta mazito, kama dizeli na ya injini, hudanganya kwa namna nyingine: yakiwa baridi hayatoi mvuke wa kutosha kulipuka, lakini joto la gesi ya kukatia au la grinda huyapasua na kuufanya mvuke huo pale pale yanapokatwa. Ukiongeza kwamba pipa la 1A1 limefungwa pande zote na kwamba kichwa chake hung'oka kizima kikirushwa na mlipuko, utaelewa kwa nini fundi mwenye busara hakubali kulikata pipa la mteja kwa neno la mteja.

Njia iliyo salama zaidi ni kutolikata kabisa lile la kichwa kisichofunguka, bali kutafuta la 1A2, ambalo kifuniko chake kimeshatengenezwa na kinakaa sawasawa. Anayelazimika kulifungua la 1A1 avitoe vizibo vyote viwili kwanza, alioshe kwa maji ya moto na sabuni kali ya kuondoa mafuta zaidi ya mara moja, kisha alijaze maji mpaka karibu na mstari wa kukatia, ili nafasi ya mvuke iwe ndogo kadiri inavyowezekana, na vizibo vibaki wazi muda wote. Patasi na nyundo, au kile kifaa cha kufungulia mapipa kinachouma ukingo kama cha kufungulia makopo, vitangulie mbele ya chochote kinachotoa cheche. Maji hayo ya kuoshea yasimwagwe mtaroni.

Kuhusu ujenzi wenyewe sitasema mengi, kwa kuwa wasomaji wako wameushughulikia vizuri. Matundu matatu au manne ya hewa, yawe sentimita tano hivi juu ya kitako, moja likiwa na vali na mengine yakiwa na vifuniko, hutosha kuutawala moto. Ya kutolea moshi kwenye kifuniko yasizidiwe eneo na yale ya chini. Kikapu cha mkaa kiinuliwe juu ya kitako ili majivu yasiubane moto, na wavu wa nyama uwe sentimita 60 hivi juu ya sehemu ya chini ya kikapu. Kipimajoto kikae usawa wa wavu, kwa maana kile cha kwenye kifuniko kinaweza kumdanganya mpishi kwa nyuzi nyingi. Mkaa mwingi usiowashwa ukijazwa kikapuni na mwingine kidogo uliokwisha kushika ukamwagwa juu yake, moto hushuka taratibu na jiko huweza kushikilia joto lake kwa saa kumi na zaidi bila kuguswa. Rangi ya kuhimili joto ipakwe nje tu; ndani panatosha mafuta ya mimea na moto wa saa mbili au tatu kabla ya nyama ya kwanza. Jiko lisiwashwe ndani ya nyumba wala kwenye karakana iliyofungwa, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Jambo moja la upishi linagusa hoja yangu, kwa hiyo nitalitaja. Moshi mweupe mzito, ambao wapigapicha wanaupenda, ni dalili ya kuni zinazofuka badala ya kuwaka, na ndio unaobeba lami na kemikali kama benzopirini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi mwembamba wa rangi ya samawati, usioonekana kwa urahisi, ndio wa kungojewa kabla ya nyama kuwekwa. Anayejali tofauti hiyo, na wengi waliokuandikia wanaijali sana, amekwisha kukubali kwamba kinachoingia ndani ya nyama kupitia moshi kina maana. Inashangaza basi kwamba huyo huyo ataichagua kuni yake kwa makini ya mfamasia na kuliokota pipa lake bila kuuliza.

Lakini, Mhariri, sitaki lawama zimwangukie mwokotaji peke yake. Anayeuza pipa tupu mara nyingi ndiye anayemnyima jibu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za usafirishaji wa bidhaa za hatari zinataka chombo kitupu ambacho hakijasafishwa kiendelee kubeba alama zile zile kilizobeba kilipokuwa kimejaa, mpaka hatari yake iondolewe. Katika biashara ya mapipa ya mtumba hufanyika kinyume: lebo hukwanguliwa, kisha rangi ya samawati au nyeusi hupakwa juu ili pipa lionekane jipya, bila ndani kuguswa na sabuni. Ipo tofauti inayoonekana kwa macho kati ya pipa la namna hiyo na lile lililosafishwa na kufanyiwa ukarabati na kampuni inayojua kazi yake, kwani la pili hugongwa alama mpya yenye herufi R pamoja na mwaka na jina la mkarabati. Pipa lenye rangi mbichi na lisilo na herufi hiyo linapaswa kumtia mnunuzi shaka, si kumvutia. Hata lenye R halielezi lilibeba nini zamani, na kwa jiko la chakula bado ningelipitisha pembeni, lakini angalau limepita kwenye mikono inayowajibika.

Najua wapo watakaojibu kwamba kuliacha pipa na lebo yake kutaishusha bei yake. Litashuka lile lililobeba sumu, na ndivyo inavyotakiwa. Lile lililobeba mafuta ya kula litapanda, kwa kuwa mnunuzi atakuwa na uhakika nalo. Wengine watasema kwamba tukiyakataa mapipa yote yasiyojulikana, chuma kizuri kitaoza jalalani. Hakitaoza kikipelekwa kuyeyushwa, kwa sababu tanuru la chuma hufanya kazi kwenye nyuzi zinazozidi 1,500 na lina vichujio vya kunasa moshi wake, vitu ambavyo moto wa kuni wa uani hauna. Kulitoboa pipa, kulibonda na kulipeleka huko ni kuokoa chuma pia.

Ninachoomba kwa viwanda na maghala ni kidogo: lebo ibaki mahali pake pipa linapotoka getini, au jina la bidhaa liandikwe ubavuni kwa rangi isiyofutika kirahisi, na lililobeba sumu litobolewe kabla ya kutoka. Kwa wauza vyuma chakavu, brashi ya rangi iwekwe chini. Na kwa ukurasa wako, Mhariri, ningeomba mchapishe walau mara moja michoro ya alama za hatari kwa ukubwa unaosomeka, pamoja na maelezo ya 1A1, 1A2 na R, ili mwenye karakana aukate ukurasa huo na kuubandika ukutani, juu ya mahali anapotundika grinda.

Wako,
Fundi wa vyuma